Mikanda ya Video Kabatini: Tuihamishe Kabla Haijanyamaza

Karibu kila nyumba yenye watoto waliokwisha kuoa na kuolewa ina sanduku lake. Liko juu ya kabati la nguo au chini ya kitanda cha wageni, pamoja na redio iliyokufa na albamu za picha. Ndani yake mna mikanda ya video: harusi, ubatizo, kipaimara, safari ya kwaya, mazishi ya babu. Hatuiangalii, kwa kuwa deki iliharibika siku nyingi. Hatuitupi, kwa kuwa moyo unakataa.

Mwaka 2023 mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama hapa Tanga alituletea mkanda wa namna hiyo, ameufunga katika kitenge kama aliyebeba mtoto mchanga. Ulikuwa mkanda wa harusi yake ya mwaka 1993. Mumewe alifariki mwaka 2001, kitinda mimba wao akiwa na miezi saba. Kijana huyo wakati huo alikuwa na miaka 22, na alikuwa amemwomba mama yake jambo moja tu: "Mama, nataka nimsikie baba anavyoongea." Picha za baba yake alikuwa nazo. Sauti hakuwa nayo.

Tuliazima deki kwa mzee mmoja wa kanisa. Kwa bahati tukakumbuka kuijaribu kwanza kwa mkanda wa filamu usio na thamani kwetu. Deki ikautafuna mbele ya macho yetu, ukatoka umejikunja kama utumbo wa kuku. Tukatazamana bila kusema neno. Kesho yake tukaupeleka mkanda wa harusi kwa fundi mjini ambaye bado ana deki nzima.

Fundi akauingiza, akabonyeza. Tukatazamia kuona kanisa. Badala yake tukaona uwanja wa mpira. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1998, Ufaransa na Brazil.

Mwenzetu akashika kichwa, kisha akakumbuka. Mechi ile ilianza saa nne usiku kwa saa zetu, na mumewe alikuwa zamu ya usiku kazini. Kabla ya kuondoka aliitega deki ijirekodi yenyewe, akatia mkanda wa kwanza uliomjia mkononi. Baadaye aliurudisha kabatini. Labda hakujua alichofanya. Labda alijua, akanyamaza.

"Mama, nizime?" fundi akauliza. Tukamwambia asizime. Tutarudi kwenye mkanda huo. Kwanza tuseme tuliyojifunza, maana tangu siku ile kikundi chetu kimehamisha mikanda mingi ya wenzetu, na mingine tuliichelewa.

KWA NINI MKANDA HUFA

Mkanda wa VHS, ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1976, ni utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi. Ule wa saa tatu una utepe wa zaidi ya mita 250. Juu ya plastiki hiyo pamepakwa unga laini wa sumaku, kwa kawaida oksidi ya chuma, jamii moja na kutu, nao umeshikizwa kwa gundi. Harusi yako nzima imo katika unga huo.

Adui wa kwanza ni unyevu. Gundi huunyonya pole pole kwa miaka, ikalainika na kunata, na unga ukaanza kubanduka. Wa pili ni kuvu, ambalo hupenda sanduku lisilofunguliwa, hasa katika hewa yetu ya pwani. Wa tatu ni joto, na wa nne ni sumaku kali kama ile iliyomo katika spika kubwa za redio. Mkanda uliokaa miaka 30 juu ya spika, chini ya bati, umekutana nao wote.

Tena mkanda hauna uhai bila deki. Ndani ya deki mna ngoma ndogo ambayo katika mfumo wetu huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na vichwa vyake vidogo ndivyo vinavyosoma picha. Chembe ya uchafu ikivikaa, picha hupotea. Deki mpya hazipatikani tena madukani. Kampuni ya Funai ya Japani, inayojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kwa dunia nzima. Wataalamu walikadiria kwamba kufikia mwaka 2025 hivi, katika sehemu nyingi haitawezekana tena kuchezesha mikanda kwa kukosa mashine, vipuri na mafundi wanaozijua. Basi, mama, usiseme "mwakani".

ANZENI NA ALIYE MAHUTUTI

Sisi tuliosomea uuguzi tumefundishwa kwamba anayetangulia kuhudumiwa si aliyewahi foleni, bali aliye mahututi. Fanyeni hivyo hivyo na sanduku lenu. Itoeni mikanda yote, ipangeni mezani, na kwa kila mmoja jiulizeni: je, hii iko nakala nyingine popote? Filamu zilizonunuliwa na albamu za kwaya zilizouzwa kwa wengi zinaweza kungoja. Mkanda uliorekodiwa mara moja tu, wenye sauti ya mtu aliyekwisha kututoka, ndio wa kwanza.

Kisha mkague kila mmoja. Tazameni kupitia kidirisha chake. Mkiona vumbi jeupe au la kijivu kwenye ukingo wa utepe, au nyuzi kama za buibui, hilo ni kuvu. Mkanda huo usitiwe kwenye deki kamwe. Utaichafua deki, na deki itaambukiza mikanda mingine, kama mkono usionawa unavyopeleka ugonjwa kutoka kitanda hiki hadi kile. Utengeni, mkaupeleke kwa fundi mkimwambia wazi kwamba una kuvu. Mnapoushika, vaeni barakoa na glavu, mkae nje penye hewa. Watoto na wagonjwa wa pumu wasikaribie.

Tumeona pia makosa yanayofanywa kwa nia njema. Wengine huianika mikanda juani kama mahindi ili ikauke. Jua hupinda plastiki. Wengine hufuta utepe kwa kitambaa cha maji. Na wengine, wakijua kwamba vichwa vya deki husafishwa kwa spiriti, huomba ile ya kidonda. Spiriti nyingine za hospitali huongezwa mafuta ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki kwenye vichwa. Kazi hiyo mwachieni fundi.

Kuna kidude kimoja ambacho ni lazima mkishughulikie leo. Kwenye mgongo wa kaseti ya VHS, upande mmoja, kuna kipande kidogo cha plastiki. Kikivunjwa, deki hukataa kurekodi juu ya mkanda huo. Kama tundu limezibwa kwa karatasi ya gundi, ibandueni. Laiti mpiga video wa mwaka 1993 angekivunja kile cha mwenzetu! Maana picha iliyorekodiwa juu yake imefutika, na hakuna fundi duniani awezaye kuirudisha.

KAZI YENYEWE

Kuhamisha mkanda si uchawi. Deki huunganishwa kwa waya wa rangi tatu: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Waya huo huingia kwenye kifaa kidogo kinachogeuza mawimbi ya picha kuwa tarakimu za kompyuta, na kompyuta hurekodi. Kijana mwenye subira na mazoea ya kompyuta anaweza kuifanya nyumbani, mkipata deki nzima. Ijaribuni kwanza kwa mkanda usio na thamani, kama tulivyofanya. Kisha usogezeni mkanda wenu mbele mpaka mwisho na kuurudisha nyuma mara moja kabla ya kuucheza, kwani utepe uliokaa miaka mingi bila kuzungushwa hulegea hapa na kukaza pale.

Jueni kwamba hakuna njia ya mkato ya muda. Mkanda wa saa tatu huhamishwa kwa saa tatu. Fundi mwenye deki moja akikuahidi mikanda kumi ya saa tatu kwa alasiri moja, mwulize atazipata wapi saa 30.

Mkanda uliotumwa na ndugu kutoka Marekani unaweza kuonekana bila rangi, au picha ikawa inaruka-ruka. Usidhani umeharibika. Tanzania na Kenya zilitumia mfumo wa picha uitwao PAL, Marekani ikatumia NTSC, na Ufaransa SECAM. Mwambie fundi ulikotoka mkanda, naye atafute deki inayousoma mfumo huo. Na ile mikanda midogo ya kamera za mkononi, mathalani Video8 na MiniDV, haiingii kwenye deki ya VHS. Huhitaji kamera au mashine yake yenyewe, nazo ni adimu kuliko deki. Hiyo nayo iwekeni miongoni mwa mahututi.

Kabla ya kumkabidhi fundi, mwulizeni haya. Je, atatupa diski peke yake, au na faili la kompyuta pia? Je, atairudisha mikanda yote? Je, atafuta nakala iliyobaki katika kompyuta yake? Akina mama, hili la mwisho tusilidharau. Katika masanduku yetu mna mikanda ya kicheni pati, ambamo mashangazi walisema mambo yasiyosemwa mbele ya wanaume. Mna picha za watoto wetu wakioga. Mambo hayo yakivuja leo huzunguka kwenye simu za watu kabla jua halijatua. Mkanda wa aina hiyo kaeni nao pale pale mpaka umalizike. Sisi huenda wawili wawili, na chupa ya chai.

DISKI SI KABURI LA KUTULIA

Wengi hudhani wakishapata diski wamemaliza. Diski ya DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, yaani kama saa mbili za video zenye sura nzuri. Mkanda wa saa tatu hauna budi ugawanywe katika diski mbili. Ukishindiliwa katika moja, picha hubanana na kuwa na vijiraba-viraba. Hakikisheni fundi ameifunga diski, yaani amefanya ile hatua ya mwisho inayoiwezesha kuchezwa katika mashine nyingine. Iangalieni katika mashine ya nyumbani kabla ya kumaliza malipo. Wala msitarajie picha iwe safi kuliko ilivyokuwa. Diski hushika kilichobaki kwenye mkanda, haiongezi kitu.

Andikeni juu ya diski kwa kalamu laini ya wino maalumu, msitumie kalamu ngumu inayokwaruza. Ihifadhini imesimama ndani ya kasha lake, mahali pa giza, pakavu, pasipo joto. Diski ya kurekodia ina tabaka la rangi linaloharibiwa na mwanga wa jua, hivyo dirishani au ndani ya gari si mahali pake.

Tena kompyuta nyingi za siku hizi hazina hata tundu la kuingizia diski. Yaliyoipata deki yanaelekea kuipata diski nayo. Kwa hiyo wekeni nakala tatu: moja kwenye diski, ya pili kwenye diski ya nje ya kompyuta au flashi, na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa, kwa binti aliyeolewa au kwa shemeji. Moto, mafuriko au mwizi akiingia nyumba moja, harusi itabaki katika nyingine. Mara moja kila mwaka zifungueni zote mwone kama zinacheza. Na mkanda wenyewe msiutupe. Huenda siku moja akapatikana fundi wa kuutoa vizuri zaidi.

Kazi iliyo kubwa kuliko zote haihitaji umeme mwingi. Kaeni na bibi, na daftari. Simamisheni picha, mwulize: huyu wa gauni la bluu ni nani? Huyu anayepiga vigelegele? Hiyo nyumba ilikuwa wapi? Andikeni majina, mwaka na mahali. Tumeona mikanda iliyohamishwa vizuri kabisa, lakini imejaa watu ambao hakuna aliyebaki wa kuwataja. Katika kazi yetu ya uuguzi tumeona pia mzee aliyepotewa na kumbukumbu, asiyejua amekula nini asubuhi, akiimba ubeti mzima wa wimbo uliokuwa katika mkanda wa kwaya yake. Si dawa, wala ugonjwa hauondoki. Lakini alasiri ile alitulia, na binti yake akakaa naye bila kugombana.

BAADA YA FILIMBI YA MWISHO

Sasa turudi kwa fundi. Tulikaa tukaangalia mpira wote, akina mama watatu, saa mbili na robo. Ufaransa ilishinda mabao matatu kwa bila, nasi hatukushangilia. Likaja tangazo la biashara, likakatika katikati. Skrini ikajaa mistari myeupe. Halafu, bila taarifa, tukawa ndani ya ukumbi wa harusi.

Alikuwa amesimama na kipaza sauti, katikati ya sentensi. Alikuwa anawashukuru wakwe zake. Akataka kumtaja msimamizi wake, akalisahau jina, akacheka, ukumbi mzima ukacheka naye. Kisha akakohoa, akashukuru tena, akaketi. Dakika moja na nusu. Baada ya hapo ni keki, zawadi na muziki mpaka mwisho.

Ibada yote ilikuwa imekwenda. Viapo vimekwenda. Mama mzazi wa mwenzetu, naye marehemu, alikuwa amecheza mlangoni mwa kanisa akitangulia maharusi. Hayo nayo yamelala chini ya mpira. Mwenzetu alilia, kisha akaanza kucheka huku analia, akimsema marehemu mumewe kana kwamba yuko chumba cha pili: "Wewe baba na mpira wako!"

Hapa sisi tulikosea, nasi tunakiri ili wengine wasirudie. Tulifurahi mno. Jumapili iliyofuata tukajaza sebule ya mwenzetu, wanawake kumi na watatu, tukaleta soda na maandazi, tukamketisha kijana mbele ya televisheni. Sauti ya baba yake ilipotoka alikaa kimya. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akauliza pole pole, "Hiyo ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo," mama yake akajibu. "Ila siku ile alikuwa na mafua."

Kijana akainuka, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya nje peke yake mpaka giza lilipoingia. Sisi wakubwa wote tulibaki na maandazi yetu mkononi. Tuliosomea kazi ya kukaa na wafiwa tulikuwa tumesahau kwamba kwa mtoto yule siku ile ilikuwa ya msiba. Wengine tulimzika baba yake mwaka 2001. Yeye alikuwa na miezi saba.

Basi, mkiupata mkanda wenye sauti ya marehemu, auangalie kwanza mtu mzima mmoja ili ajue yaliyomo. Kisha mwambieni mhusika, mmwache achague siku, mahali, na nani awe karibu naye. Anaweza kutaka kuwa peke yake. Anaweza kutotaka kabisa kwa sasa, na hilo nalo liheshimiwe, nakala ikiwa imetunzwa. Akilia msimnyamazishe. Akikosa usingizi au chakula siku nyingi baada ya hapo, msimwache. Mtafutieni mtu wa kuzungumza naye.

Wiki mbili baadaye kijana alikuja mwenyewe kuomba ile dakika moja na nusu iwekwe kwenye flashi. Hatukumwuliza anaisikiliza wapi wala lini. Mama yake anasema ameacha kuuliza habari za baba yake kwa juu juu. Sasa anauliza alikuwa anapenda chakula gani, na kama mafua yalikuwa yakimshika mara kwa mara.

Akina mama wenzetu, kwa dakika moja na nusu tu nyumba ile imepata mazungumzo ambayo haikuwa nayo kwa miaka 22. Ninyi huenda mnazo saa tatu nzima juu ya kabati. Lishusheni sanduku jioni hii, baada ya chakula. Kagueni vidirisha, vunjeni vile vidude vya plastiki, andikeni orodha. Kesho mtafuteni fundi.

Na huyo mwenye zamu ya usiku akitaka kurekodi mpira, mnunulieni flashi yake.